Saa Sita ya Kimalta

Nyinyi vijana mlioanza juzi kazi ya kujenga vibanda vya maonyesho hapa Dubai, hamjambo. Mmemtuma binti yangu aniombe niwaandikie machache, eti kwa sababu nimeijenga Ulaya yote. Ni kweli. Ufaransa niliijenga kwa plaiwudi. Ujerumani niliipaka rangi ya kijivu mara mbili, kwa sababu kijivu changu cha kwanza hakikuwa kijivu chao. Uswisi niliifunga skrubu nikiwa na mafua, na kila nilipopiga chafya saa zao za ukutani zilicheza. Siku ya mwisho ya maonyesho nilizibomoa nchi zote hizo na kuzipakia kwenye lori, na hakuna bunge lililoulizwa. Lakini kufika Ulaya yenyewe? Mimi sijafika hata Fujairah.

Mimi ni mtu wa ndani. Nilimaliza kidato cha nne kule Webuye, nikajifunza useremala kwa mjomba, nikaja huku nikapata kitanda cha chini katika chumba cha watu wengi Al Twar. Wenzangu siku ya mapumziko walikwenda kupiga picha na jengo refu ili nyumbani wajue wamefika. Mimi nilijifunika shuka nikasikiliza kiyoyozi. Ndipo wakaniita Shuka, na jina hilo likaniletea taabu kazini. Nikiwa juu ya ngazi, mtu akipaza sauti "Shuka!", sikujua kama naitwa au naamrishwa. Mara nyingine niliitika "Naam!" nikabaki juu. Mara nyingine niliteremka mpaka chini, kumbe mtu alitaka tu kunirushia tepu.

Sasa nimestaafu, naishi Al Warqa kwa binti yangu Nekesa, muuguzi. Yeye ndiye aliyenitolea viza, kwa hiyo mtoto niliyemnunulia viatu vya shule leo ni kafeel wangu, mdhamini wangu, na ana masharti kuliko arbab yeyote niliyewahi kumtumikia. Chumvi kidogo. Sukari kijiko kimoja. Nalalamika kwa sauti ya chini, kama mfanyakazi mzuri.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Khamis, Mzanzibari wa familia ya zamani hapa mjini, msimamizi wa mafundi katika kampuni yetu. Alivaa kofia ya vito wakati sisi tumevaa helmeti, na akiambiwa avae helmeti aliivaa juu ya kofia. Siku yangu ya kwanza alinikabidhi kaunta ya vinywaji.

"Wafula, umepima?"

"Nimepima, Mzee. Ramani inasema—"

"Sikukuuliza ramani inasema nini. Ramani haijapata kuingia humu ndani. Nakuuliza wewe."

Nikasema nimepima. Kesho yake maonyesho yakafunguliwa, mgeni akawekewa glasi ya juisi juu ya kaunta yangu, na glasi ikaanza safari. Ilitembea polepole, kwa heshima, kutoka mwanzo wa kaunta hadi mwisho, wageni wakiifuata kwa macho, mpaka bwana mmoja akaidaka. Mzee Khamis hakunifokea. Alinipa pimamaji lake, lile lenye kipovu ndani ya kioo, akasema, "Sakafu ya ukumbi ni mwongo, mwanangu. Haya, muulize huyu."

Sikilizeni basi mambo matatu manne ambayo hamtayakuta kwenye simu zenu. Sakafu ya ukumbi ina mabonde yaliyofichwa na zulia, kwa hiyo piga magoti kabla ya kupiga msumari. Usifunge skrubu hata moja mpaka mwisho kabla zote hazijashika, la sivyo ukuta unavuta upande mmoja kama mtu mwenye jino bovu. Soketi za umeme zitafute kwanza. Nimewahi kuona friji zuri likiwekwa mahali pazuri, na waya wake ukafa njaa hatua mbili kutoka ukutani. Na wakati wa kubomoa, andika namba kwa chaki nyuma ya kila ubao. Mzee alikuwa mkali juu ya hilo. "Usibomoe kama mwizi," alisema. "Bomoa kama mwenye nyumba."

Siku hizi najua hambomoi sana. Nekesa alinionyesha picha: mna fremu za alumini na kitambaa kilichochapwa nchi nzima, milima, bahari, waziri anatabasamu, mnakivuta kama foronya ya mto na kazi imekwisha. Nchi inaingia kwenye begi. Sina wivu. Mgongo wangu ungependa sana kuzaliwa wakati wenu. Nasikitika tu kwamba hamtajua harufu ya mbao mpya asubuhi kabla wageni hawajaja, wakati ukumbi mzima unanuka kama karakana ya mjomba.

Sasa niwaambie kuhusu nchi ndogo, maana hapo ndipo nilipopata bahati yangu.

Nchi kubwa hupewa katikati ya ukumbi, huweka maporomoko ya maji na wasichana wa kugawa mifuko. Nchi ndogo huwekwa pembeni, karibu na vyoo. Mzee Khamis alisema hilo halina ubaya, kwani kila mgeni wa nchi kubwa mwishowe atapita kwa nchi ndogo, na akitoka huwa ana raha na ana wakati. Mwaka mmoja, katika maonyesho ya hoteli na ujenzi, nchi mbili ndogo za Ulaya zilipangwa pale mlangoni mwa vyoo zimegeuziana migongo: Estonia upande huu, Malta upande ule. Bajeti zao zilikuwa nyembamba, basi wakakubaliana kulipia ukuta mmoja katikati, na ndani ya ukuta huo sisi tukajenga kijistoo kimoja chenye birika moja la umeme. Ukiwaweka Waestonia wote na Wamalta wote pamoja hawaijazi Dubai, lakini birika moja, niwaambieni, liliwatosha kwa shida.

Kwa Estonia alikuwepo Bwana Tonu, mwenye karakana ya nyumba ndogo za mbao. Alikuja na moja kamili katika makasha, chumba kimoja chenye mlango, dirisha na paa, mbao zake zinaumana ulimi kwa mfereji, bila gundi, bila msumari. Mtu mrefu, wa maneno machache mno. Siku ya kwanza niliamini ni bubu. Siku ya pili alisema "Asante," nikashtuka nikaangusha nyundo.

Kwa Malta alikuwepo Jorji, mwenye hoteli ndogo ya familia karibu na bahari. Huyo alizungumza kwa niaba ya Tonu pia. Alizungumza akichemsha maji, akinywa, akiosha kikombe. Alikutana na Tonu kwenye birika, akachungulia nyumba ya mbao, na ndani ya siku moja akawa ameshaipanga bustanini mwa hoteli yake, kumi na mbili, zenye taa.

"Shida ni Mama," aliniambia. Hoteli ilikuwa ya mama yake, Bi Karmena, na mama hakutaka kusikia. "Kila siku ananiambia kwenye simu: Jorji, sisi Malta tuna mawe. Mbao za nini? Zikivunjika, nani atatoka huko kwenye theluji aje kuzitengeneza?"

"Na Bwana Tonu anasemaje?"

"Tonu? Tonu hasemi."

Lakini kwangu Tonu alisema. Tulikuwa tumekaa juu ya makasha tunakula chapati zangu, akanionyesha kwenye simu picha ya karakana yake, na watu kama kumi wamesimama mbele yake na aproni, wamekunja nyuso kwa baridi. "Majirani," akasema. Halafu baada ya kutafuna kwa muda: "Wateja wakubwa wameondoka. Nikirudi bila kazi, nafunga." Akaizima simu. Nikamwongezea chapati.

Sasa sikieni upumbavu wangu.

Kimalta ni lugha ya ajabu. Nilikuwa juu ya ngazi naweka taa, Jorji anahesabu masanduku chini, nikasikia: "...hamsa, sitta, seba..." Nikashikilia ngazi. Sita! Saba! Mzungu mwenye suti anahesabu kama bibi yangu! Nikamkimbilia Mzee Khamis.

"Mzee, Wamalta wanasema Kiswahili!"

"Huko ni kuwaonea," Mzee akacheka. "Hicho ni Kiarabu kilichohamia kwa Wataliano kikajifunza kupika makaroni. Wao wamechukua kwa Waarabu, sisi tumechukua kwa Waarabu. Umekutana na binamu, usimkabidhi nyumba."

Sikusikia. Kuanzia hapo nilijiona mjuzi wa Kimalta. Jorji akiongea na simu nilitikisa kichwa kama ninayefuata. Na kweli asubuhi ya siku ya mwisho nikamsikia akisema: "Mama... fis-sitta. Iva, Mama, fis-sitta." Nikaelewa kila kitu. Mama anakuja, saa sita.

Asubuhi hiyo hiyo Mzee Khamis alikuwa na kifua kibaya, akawa anaondoka kwenda kliniki. Akaniita kando.

"Nyumba ya Tonu iko mikononi mwako leo. Mama wa yule kijana anapita Dubai, anatoka kumwona bintiye Australia, ndege inamshusha saa chache tu. Ataiona leo au hataiona tena. Ungoje mpaka amalize, ndipo ubomoe. Saa yenyewe umuulize Madam Rima, meneja."

"Saa naijua, Mzee. Nimeisikia kwa Kimalta."

Akanitazama, akakohoa, akacheka, akakohoa tena. "Haya, mkalimani." Akaenda zake.

Vijana, mimi najua saa za Kizungu. Tangu nifike Dubai nimefanya kazi kwa saa za Kizungu; nikiambiwa *six* najua ni kumi na mbili. Lakini hili halikuingia kichwani kwa mlango wa Kizungu. Liliingia kwa mlango wa nyumbani, likavua viatu, likakaa: sita. Na sita ya nyumbani ni jua la utosini.

Ikafika hiyo saa sita yangu ya mchana. Na nani akatokea? Jorji, pamoja na mama wa makamo, mkufu wa lulu shingoni. Mama akagusa ukuta wa nyumba, akanusa mbao, akacheka na Jorji, akampa Tonu mkono, akaondoka. Nikajisemea, khalas, imekwisha salama. Baadaye sana nilikuja kujua kwamba yule alikuwa mke wa mwenye hoteli nyingine, amekuja kuuliza choo kiko upande gani.

Jioni kengele ya kufunga ikalia. Jorji na Tonu walikuwa wameshatoka. Tonu alikuwa ameniambia "Narudi," nikadhani anarudi kuchukua vifaa vyake. Mimi nilikuwa na hamu ya shuka langu kuliko maelezo. Nikawaambia vijana wa kubomoa, "Yalla!" Tuliifungua ile nyumba kwa upole, nikaandika namba kila ubao, tukazipanga chini. Paa likatangulia kwenye lori la kwanza na Mwangi, dereva wetu, kuelekea karakana yetu Qusais. Nilijisifu hata. Kazi safi, mapema, nitafika Al Twar kabla maji ya kuoga hayajagombewa.

Ndipo nikawaona wanakuja kwenye njia ya kati. Tonu mbele, na shati jipya. Jorji nyuma, akiongozana na bibi mfupi mwenye gauni jeusi na fimbo, nywele zimelala upande mmoja kwa usingizi wa ndege. Jorji alikuwa anamweleza kwa mikono yote miwili jinsi nyumba ilivyo, na mikono ilipofika hapo ikabaki hewani.

Bi Karmena akatazama lile rundo.

"Hii ndiyo nyumba?" akamuuliza mwanawe kwa Kiingereza, nadhani ili sote tushiriki.

Jorji akaishusha ile mikono, akaitia mifukoni.

Mimi nilikuwa nimeshika ubao mmoja kifuani kama mtoto. Nikamwambia Tonu, "Sir, nilisikia sitta. Kwetu sita ni mchana. Nilidhani wameshakuja." Hata nikieleza niliona jinsi maelezo yenyewe yalivyo na mafua.

Tonu akasogea karibu. Aliniangalia, akaliangalia rundo, akachutama, akageuza ubao mmoja akasoma chaki. Akageuza wa pili. Halafu akasimama, akavua koti, akatafuta pa kulitundika, hakuna ukuta. Akampa Bi Karmena alishike.

"Dakika chache," akasema.

Nikampigia Mwangi nikiwa tayari nimepiga magoti.

"Mwangi, uko wapi?"

"Niko Al Twar, Shuka. Kuna foleni hapa hata nzi hapiti."

"Rudi na paa!"

"Paa gani tena? Si ulisema khalas?"

"Nilisema. Sasa nasema rudi!"

"Maze, hapa siwezi hata kugeuza shingo, nigeuze lori?"

Tukajenga bila yeye. Tonu upande mmoja, mimi upande mwingine, na vijana wawili Wanepali ambao walikuwa wameshavaa nguo za nyumbani lakini wakarudi bila kuombwa, Mungu awabariki popote walipo. Jorji akabeba mbao na viatu vyake vya kung'aa. Bi Karmena tulimkalisha juu ya kasha, koti la Tonu mapajani, na hapo tukapata msimamizi mpya.

"Jorji, we! Umeushika kichwa chini!"

"Mama, zote ni sawa."

"Haziko sawa. Huyu bwana ameandika namba. Huoni namba? Ada ya shule nililipa ya nini?"

Kuta zilipofika kiunoni aliliweka koti kando. Zilipofika mabegani akasimama, akaja karibu, akaugonga ubao mmoja wa katikati kwa fimbo.

"Huu ukioza?"

Nikamtazama Tonu. Tonu akanionyesha kwa kidevu. Tukanyanyua zile za juu yake, nikauchomoa, nikamkabidhi mkononi. Akaupima uzito, akapitisha kidole kwenye ulimi wake, akanirudishia. Kisha akaomba nyundo ya mpira. Jorji akasema Mama, nguo, safari, moyo wako. Mama akamwambia anyamaze, akaupiga ubao pale tulipouweka, *tup, tup*, mpaka ukakaa.

"Mume wangu alikuwa mwashi," akasema, hatukujua anamwambia nani. "Hoteli aliijenga yeye, jiwe kwa jiwe. Nzuri. Lakini bomba likipasuka ndani ya ukuta, ni kuvunja ukuta. Nyumba ya jiwe ikishasimama huwezi kuiuliza kitu."

Akaingia ndani kwa mlango, maana mlango tulikuwa tumeshauweka, akakaa kwenye kiti, akatazama juu. Juu kulikuwa na taa za ukumbi na mabomba ya kiyoyozi.

"Paa liko wapi?"

Wote wakanitazama mimi. "Mama," nikasema, "paa liko Al Twar."

"Al Twar ni nchi gani?"

Jorji akaanza kucheka, mama akaanza kucheka, na mimi nikacheka kwa woga. Tonu hakucheka. Alikuwa amesimama nje ya dirisha, mikono imening'inia, anamtazama yule bibi kama mtu anayesubiri daktari atoke. Nikakumbuka wale watu wa aproni.

Bi Karmena akakaa kidogo. Akafungua dirisha, akalifunga. Akasema, "Mbili."

"Mama, mimi nilisema kumi na—"

"Mbili. Kwanza nataka zipigwe na chumvi. Zikimaliza mwaka na bahari yetu, na ubao ukiharibika wewe Jorji uweze kuubadilisha mwenyewe kwa mikono yako hiyo laini, hapo tutazungumza." Akamgeukia Tonu dirishani. "Mbili zinakutosha usifunge?"

Kumbe Jorji alikuwa amemwambia. Jorji humwambia kila mtu kila kitu.

Tonu akafikiri. Nadhani alikuwa anawahesabu majirani. "Kwa majira ya baridi," akasema. "Ndiyo."

Wakapeana mikono kupitia dirishani. Na wakati huohuo nikasikia viatu virefu vinakuja kwa kasi sakafuni, nikajua ni nani.

Madam Rima alikuwa meneja wetu, mtu wa haki lakini haki yake ilikuwa na meno. Majuma machache nyuma alikuwa amemrudisha kwao fundi rangi mmoja kwa kuondoka kabla ya kazi kwisha. Viza yangu ilikuwa inakaribia kufanywa upya, Nekesa alikuwa ndiyo ameanza chuo cha uuguzi, na mimi nilikuwa nimesimama katikati ya nyumba isiyo na paa.

"Nani ameibomoa hii? Nilisema isiguswe mpaka mgeni aondoke. Nani?"

Nikafungua mdomo. Nilikuwa nimeshaandaa "Madam, mimi." Nilifika kwenye "Ma".

"Mimi," akasema Tonu.

"Wewe?"

"Mimi. Nilitaka mama aione ikijengwa."

Madam akamtazama Tonu, akanitazama mimi, jasho langu, chaki mikononi. Bi Karmena naye akamtazama Tonu, macho yanacheka. "Na paa pia wewe ndiye uliyelipeleka Al Twar?"

"Ndiyo," akasema Tonu.

Madam Rima hakuwa mjinga. Alitazama saa yake, kisha akasema, "Yalla, malizeni, ukumbi unafungwa." Viza yangu ikafanywa upya.

Mzee Khamis nilimsimulia kliniki, walikokuwa wamemlaza. Alicheka mpaka nesi akaja. "Mtu wa maneno matano kwa siku," akasema akifuta macho, "moja kakupa wewe. Na la uongo juu yake. Ulishike vizuri, Wafula."

Zile nyumba mbili zilisimama. Chumvi ikazipiga, mbao tatu zikaharibika, Jorji akazibadilisha mwenyewe na akatutumia picha ya kidole alichokiponda. Mwaka uliofuata waliagiza nyingine. Baadaye Jorji akakodi ghala bandarini kwao, wakawa wanaunganisha huko kuta zinazotoka kwa Tonu na kuziuza kwa hoteli nyingine, na Bi Karmena akaingiza fedha zake katika karakana ya Estonia, akawa ana sehemu yake, akawa anapiga simu kuuliza kama sakafu imefagiliwa. Majirani wa Tonu sasa huenda Malta wakati wa theluji kufanya kazi na hurudi wekundu kama kamba waliochemshwa. Wataalamu wanaita mambo haya biashara na uwekezaji kati ya nchi na nchi. Sina neno. Mimi niliyaona yakiwa birika moja na watu wawili wanaogombea kikombe kisafi.

Jorji aliniita niende Malta kuwafundisha vijana wake kubomoa na kuunganisha. Tiketi, chumba, chakula. Nilitoa sababu nyingi, ya mwisho ikiwa kwamba nina nguo kwenye kamba. Akaenda Mwangi. Alirudi na kamera na majivuno, na mpaka leo hunisimulia bahari yao kama ameichimba yeye.

Mnaponiuliza basi nashukuru nini katika kazi hii, nashukuru watu. Namshukuru mjomba kwa randa ya kwanza. Mzee Khamis, ambaye sasa amelala udongoni, namwombea kila nikipita msikiti wao, ingawa mimi ni mtu wa kanisa. Aliniambia dua haiulizi viatu. Namshukuru Madam Rima, aliyeamua kutoona. Nanyi nawashukuru kwa kuniuliza, maana Nekesa hadithi hizi anazijua, nikianza tu hunipa dawa ya presha. Mkiwa kazini, yule mnayemdhani mkali au bubu msimwandikie hukumu mapema. Na Wamalta wakiwaambia sitta, jamani, ulizeni.

Tonu nilimshukuru uso kwa uso, maonyesho ya mwaka uliofuata, ndani ya kile kijistoo. Nilimngoja mpaka maji yachemke. Nikamwambia, "Sir, ile siku ungeweza kusema ni mimi. Ilikuwa kweli, niliharakisha nirudi nyumbani. Kwa nini hukusema?"

Akamimina maji. Akaweka majani. Akakoroga muda mrefu hata nikaamini mazungumzo yamekwisha, nikaanza kukusanya skrubu zangu.

"Mimi pia," akasema, "nilitaka kurudi nyumbani."

Akaninyooshea kile kikombe. Kumbe alikuwa ananitengenezea mimi.